Abiria wa Kiti cha Nyuma na Kijitaa cha Njano

Ni mwaka ule tuliokula ming'oko. Sisi wa Pande tunaukumbuka kwa hilo, kalenda ya nini? Mvua ilinyesha mpaka mihogo ikaozea ardhini, unga ukawa kitu cha kunusa tu, tukaingia porini na majembe kuchimba vile viazi vya mwitu vyembamba kama vidole. Tuliila ming'oko asubuhi, tukaila usiku, wajukuu wakaanza kuuliza ugali una rangi gani. Basi ni mwaka huo, na mvua hiyo hiyo. Na usinitazame hivyo. Sikuota, sikuwa na homa, na macho yangu mpaka leo yanatia uzi kwenye sindano bila miwani.

Nina mjukuu, Zuhura, mtoto wa binti yangu wa pili. Mimi shule niliiacha darasa la pili. Huyu amesomea ufundi wa magari, anaifungua injini kama mimi ninavyopasua nazi. Nalisema kwa sauti ili wanisikie na wale waliosema ataishia kurudi nyumbani mikono mitupu. Wakati huo alikuwa kwenye majaribio katika gereji moja ya Dar, na tajiri wa gereji alimpa mtihani mmoja: gari hili la spoti lipeleke Lindi kwa mwenyewe, lifike kabla ya saa tisa maana mwenyewe anasafiri, na lisiwe na mkwaruzo hata wa ukucha. Likifika salama, ameajiriwa. Lisipofika, akachimbe ming'oko na bibi yake.

Akanipigia simu nikamsubiri Nangurukuru, kwenye barabara kuu, nipate lifti mpaka kwa dada yangu Lindi. Nilivaa kanga mpya, nikabeba kikapu cha ming'oko, nikakaa kwenye kibanda cha mama muuza mihogo ya kukaanga, yeye alikuwa ameipata wapi hata sijui. Mara nasikia mngurumo kama simba ana mafua. Likaja gari jekundu, fupi, limelala chini kama kenge. Milango miwili tu! Nyuma kuna kikiti cha kuweka mkoba, na ili mtu aingie huko, lazima wa mbele ashuke akunje kiti chake. Likumbuke hilo.

"Shikamoo, mke mwenza!" Zuhura akapiga kelele dirishani.

"Marahaba, mwizi wa waume. Hili gari au kaburi lenye matairi?"

"Panda, Bibi, acha maneno."

Nikiwa nahangaika na mlango, nikamwona mwanamke kasimama karibu yangu. Umri wake wa binti zangu, kajifunga ushungi safi mno kwa tope lililokuwepo. Akasema, "Nisogezeni hapo mbele." Hakuniamkia. Mimi, na mvi hizi! Nikamkazia macho nikisubiri shikamoo yangu. Unajua alifanya nini? Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Nani alikuwa amemwamkia? Hapo hapo ningefunga mlango. Lakini mwenzangu, sisi huku tumelelewa kutomwacha msafiri barabarani, na kiburi changu kikasema ngoja apande, nitamfunza adabu njiani. Nikakunja kiti, akajipenyeza nyuma, tukaondoka.

Zuhura alikuwa ananionyesha utundu wa lile gari. Anasema magari ya zamani ukikanyaga mafuta, mguu unavuta waya na waya unavuta injini. Haya ya siku hizi, mguu unapeleka habari kwa kompyuta, kompyuta inafikiri kwanza, ndipo gari linakwenda. "Ona," akakanyaga. Gari likanyamaza kidogo, ungesema halikusikia, halafu likaruka mgongo wangu ukabaki Nangurukuru.

"Kama marehemu babu yako," nikamwambia. "Unamwita, kimya. Ukishakata tamaa, huyo, anakuja na kishindo."

Tulicheka sana. Abiria wetu hakucheka.

Ndipo nikaiona ile taa. Mbele ya Zuhura kulikuwa na kijitaa cha njano, kina picha ya gari na mistari miwili iliyojipinda nyuma kama njia ya nyoka. Kilikuwa kinapepesa. Nikauliza, huyo anakonyeza nini? Zuhura akasema hicho kinawaka matairi yakiteleza. Kompyuta ikisikia tairi linazunguka bure, kwenye tope au mchanga, inalinyima gari nguvu lisije likapinduka.

"Sasa mbona hapa lami kavu kama kaango?"

"Hata mimi nashangaa, Bibi. Dar mpaka Nangurukuru hakijawaka hata mara moja."

Hakijawaka hata mara moja! Kilianza alipokaa yule nyuma. Kadiri tulivyokwenda, ndivyo gari lilivyozidi kufikiri. Zuhura anakanyaga, mimi nahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, ndipo linasogea. Baadaye nne. Baadaye saba. Kila likijaribu kuruka, kijitaa kinapepesa na gari linazubaa. Saa inakwenda. Nilimwona mjukuu wangu jasho likimtoka puani, kazi yake inayeyuka mbele ya macho yake. Nyuma yetu kukawa na ubaridi na harufu ya tope la mtoni. Nikageuka. Yule mwanamke kaketi wima, ushungi haujakunjana hata pindo.

Tukafika kwenye kimwinuko. Barabarani yamelazwa matawi ya miti, makavu. Wewe unajua, gari likiharibika huku madereva wanaweka majani kuwaonya wenzao, na wakishatengeneza wanaondoka, majani wanayaacha hapo hapo yakauke. Ndiyo kosa letu sote! Kwa hiyo siku hizi nani anayaogopa majani? Zuhura akapunguza mwendo, na abiria akasema taratibu, "Ya lori la jana hayo. Pita, mwanangu."

Zuhura akayakwepa. Akakanyaga ili kupanda kile kilima. Gari likagoma, linatambaa kama jongoo, kijitaa kinapepesa kama jicho lililoingiwa na pilipili.

Yule akasema tena, "Kizimeni hicho kijitaa. Gari litapaa."

Na ni kweli, kitufe cha kukizima kilikuwepo, chini karibu na goti langu. Zuhura usukani ulikuwa unatetemeka mikononi mwake, hakuthubutu kuuachia. Akaniambia, "Bibi, saa nane hii! Bonyeza hapo, kishikilie mpaka taa itulie."

Sasa niseme ukweli, maana nimeapa kusema ukweli. Sikujua lolote la barabara. Sikuwa na maono, mimi si mganga. Nilikuwa nimekasirika tu. Mtu hajaniamkia, kaitikia salamu ambayo hakupewa, kaniita mwanangu, halafu anatoa amri ndani ya gari la mjukuu wangu? Nikakunja mikono kifuani, nikasema:

"Sizimi kitu nisichokiwasha mimi."

"Bibi, nitakosa kazi!"

"Sizimi kitu nisichokiwasha mimi."

Zuhura akakandamiza mafuta mpaka chini. Gari likanguruma ndani kwa ndani, likajikokota, likajikokota, tukafika kileleni kwa mwendo wa mgonjwa. Zuhura akapiga yowe na kukanyaga breki.

Barabara haikuwepo.

Niamini. Hatua kumi mbele yetu maji yalikuwa yamelila kalavati lote, lami imening'inia kama ulimi, na chini mto umejaa, unabingirisha magogo. Tungelipanda kile kilima kwa kishindo kama kawaida ya lile gari, leo ungekuwa unasoma habari za marehemu.

Kisha Zuhura akanong'ona, "Bibi, mgeni wako." Nikageuka. Kikiti kitupu. Mlango wangu umefungwa, wa Zuhura umefungwa, na mimi na mwili wangu huu nimekikalia kiti ambacho angepaswa kukikunja ndipo atoke. Kapitia wapi kutoka? Na kijitaa kimezimika, chenyewe.

"Rudi nyuma, mke mwenza," nikamwambia. "Kwa jina la Mungu rudi."

Akatia rivasi, akakanyaga. Safari hii gari halikufikiri hata chembe. Lilirudi nyuma kama limeitwa na mwenyewe.

Chini ya kilima, pale kwenye majani, ndipo tukaona njia ya mchepuko inaingia porini, imefunguliwa asubuhi ile ile. Matawi yalikuwa mabichi kabisa. Tuliyaonaje makavu? Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Lindi tulifika saa tisa kasoro dakika chache. Kabla ya hapo tulisimama kufuta kikiti, maana kilikuwa kimelowa, kina mchanga wa mtoni na konokono mmoja mdogo, mzima, anatembea. Nilifutia kanga yangu mpya. Mwenye gari akalizunguka mara tatu, hakuona mkwaruzo, akanusa ndani. "Mbona linanuka mto?"

"Ming'oko ya bibi hiyo," Zuhura akajibu bila haya. Nikalibeba kosa lisilo langu. Kazi akapata. Leo ana wanafunzi wawili chini yake, wote wanaume, wanamwamkia.

Niliporudi Nangurukuru nilimuuliza mama wa mihogo kama anamjua yule mwanamke. Akaacha kugeuza mihogo. "Mwanamke gani, Bibi? Mimi nilikuona wewe peke yako. Umefungua mlango, umesimama kando unatazama hewa kwa hasira, umekunja kiti, ukapanda. Nikasema masikini, uzee."

Uzee! Nilimwambia uzee uko kwa mama yake.

Tangu siku hiyo, mwenzangu, gari lolote nitakalopanda, liwe basi liwe la kubebea korosho, likipita pale kwenye kalavati jipya kile kijitaa kinapepesa mara moja. Madereva wananijua sasa, wanasema, "Bibi, salimia watu wako." Wanacheka, lakini wanapunguza mwendo.

Basi nawe sikia. Majani ukiyakuta barabarani, shuka uyashike kama ni mabichi. Gari lako likisita pakavu, usilipige, kaa nalo ujue limeona nini. Na mtu akikuitikia shikamoo ambayo hukumpa, mwache hapo hapo alipo, adabu ya kubeba wasafiri haimhusu huyo.

Mwezi uliopita Zuhura alikuja Pande na gari la kazini. Akanipakia tukaone shamba la korosho, tukanasa kwenye mchanga, mchanga wa kweli, matairi yamezama nusu. Kijitaa kinapepesa. Akanieleza kwa upole kama mwalimu: "Bibi, hapa hakuna shetani. Kwenye mchanga mzito hiki kinatunyima nguvu, lazima kizimwe ndipo tutoke. Ni kanuni ya ufundi. Mimi nimeshika usukani, wewe bonyeza hapo tu."

Nilimwelewa vizuri sana. Nikafungua mlango, nikavua viatu, nikafunga kanga kiunoni na kwenda nyuma kusukuma, na umri wangu huu. Akatoa kichwa dirishani, "Bibi, jamani! Kitufe kimoja tu!"

"Sizimi kitu nisichokiwasha mimi."