Tangawizi ya ndoa iliyonuka lotoko

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu kutoka Kasongo. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Pale nitakapoongeza chumvi mutaisikia tu, lakini mboga ni ya kweli.

Kuna neno moja niliamini kuliko diploma yangu ya masomo ya jioni: kwamba gesi ya soda ikipitishwa mu maji, inakufa.

Aliniambia motari mumoja, mwendesha pikipiki wa njia ya Salamabila. Eti kule mutu aliosha gesi yake, ikakufa yote, majirani wakakuja kumupa pole. Nikaamini kabisa.

Sasa dada yangu mudogo, Zuhura, mwalimu wa kemia, akapata muchumba. Nikajitolea: vinywaji ni juu yangu. Nitatengeneza tangawizi yenye povu la kuruka mupaka kwenye paa la musikiti.

Nyuma ya nyumba yetu iko Mama Furaha. Anatengeneza lotoko, ile pombe kali ya muhindi na muhogo. Pipa lake likichacha, linatokota bila moto. Gesi inayotoka pale ni ileile ya soda. Hiyo shule ya jioni ilinifundisha vizuri.

Nikafunga pipa, nikatia bomba la mupira, gesi ikajaa ndani ya tyubu ya tairi la lori. Kompresa ya fundi wa tairi ikaisukuma mu tangawizi baridi.

Kitabu changu cha shule ya jioni kilisema gesi ioshwe kwanza, yaani ipitishwe mu maji. Nikacheka. Niiue kwa mikono yangu?

Siku moja mbele ya ndoa, wakwe wakafika. Shangazi wa bwana arusi akapewa glasi ya kwanza. Akanusa, akaiweka chini polepole.

"Baba, hii tangawizi ililala kwa nani?"

Watu wakacheka. Yeye hapana.

"Kwetu hatunywi pombe. Kama ninyi munakunywa, museme leo, si kesho kisha ya nikaha."

Wakuu, nilitoka jasho la kujaza muto Lualaba. Haikuwa tena habari ya soda. Dada yangu alikuwa karibu kuingia kwa watu na jina la mutoto wa walevi, kama ndoa yenyewe ingebaki.

Zuhura akatoka chumbani, akanusa.

"Yaya, kaka yangu, gesi ulitoa wapi?"

"Kwa Mama Furaha."

"Uliiosha?"

Nikatingisha kichwa: hapana.

Akapiga magoti mbele ya shangazi. "Mama, hakuna mutu alitia pombe. Gesi ilitoka kwenye pipa la pombe, ikabeba harufu. Tutaimwaga yote, na wewe ukiona."

Tulimwaga. Shangazi alisimama pale mupaka tone la mwisho, kisha akamushika Zuhura mukono, akamuinua. Kesho yake nikaha ilifungwa, tukanywa maji ya limau yasiyo na povu hata moja.

Tangu hapo nawaza: sisi tunasifu povu, hatuulizi lilipitia wapi. Kinywaji cha watu ni amana. Siku hizi natoa gesi kwa limau na bikaboneti, ile magadi ya kupikia, naipitisha mu maji, kisha mu makaa yaliyopondwa. Pipa la lotoko siligusi, hata lioshwe na mito yote ya Maniema.

Ninyi wenye kutengeneza soda nyumbani, Kabambare, Lusangi, popote, gesi munaisafisha namna gani? Muandike, mutu asijifunze mbele ya wakwe kama mimi.

Na ile habari ya motari, nilimuuliza Zuhura alipokuja kutusalimia na bwana yake. Akanijibu bila hata kuacha chakula:

"Haikufi, yaya. Maji inakunywa kidogo, inashiba, ingine yote inapita. Yenye kubaki mu maji ni harufu."