Sista Ednah na Lengo Lililorudishwa Mara Tatu

Ni Jumanne, jua limeshapanda juu ya Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, na Sista Ednah Kabugho anagombana. Kasha la chanjo liko wazi mezani, barafu inayeyuka, na kwenye mabenchi ya zahanati wamekaa akina mama wachache mno.

"Mutoto ni wako ama ni wa serikali?" anamfokea mmoja aliyechelewa. Mama yule anainamisha kichwa. Mtoto anaanza kulia hata kabla ya kuchomwa.

Ednah, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni muuguzi wa chanjo. Siku za masomo huenda Kasese mjini, anakosomea stashahada. Amebakiza utafiti tu, na utafiti wenyewe umekwama kwenye lengo kuu.

"Sentensi moja!" anasema akipiga meza. "Mimi nimezalisha akina mama gizani nikishika tochi kwa meno. Sasa sentensi inishinde?"

Hasira yake ina chanzo. Mwaka jana surua ilimuua Kasereka, mtoto wa mpangaji mwenzake, ambaye hakuwa amerudishwa kupata chanjo ya pili. Ednah ndiye aliyembeba mara ya mwisho. Akaapa kwamba utafiti wake utahusu akina mama wasiorudi, wengi wao wachuuzi waliotoka Beni na Butembo, ng'ambo ya mpaka.

Lengo aliliandika kwa Kiingereza cha chuoni, lakini kwa lugha yetu lilikuwa hivi: "Kukomesha uzembe wa akina mama kuhusu chanjo wilayani Kasese." Msimamizi wake, mwalimu Mugenyi, akalirudisha na maneno mawili: si wazi. Ednah akaongeza maneno makubwa. Likarudi: si wazi. Akachomeka "maendeleo endelevu". Likarudi tena.

Jamani, na hilo jibu lenyewe ni wazi? Mtu amelipa karo, amekesha wodini, halafu anatupiwa maneno mawili kama mfupa! Ukikosea kushika sindano, kuna mwenzako atakushika mkono akuonyeshe. Ukikosea lengo, unaachwa upapase. Na muda haumsubiri: lisipopitishwa kufikia Ijumaa, anarudia mwaka, na mkubwa wake wa zahanati ameshasema hatampa ruhusa nyingine ya masomo.

Jumatano anamwendea Anastasie, anayeitwa pia Mama Alliance, mchuuzi wa vitenge kutoka Butembo, kumwomba ashiriki utafiti. Anamsomea lengo. Anastasie anasimama.

"Uzembe? Nani alikuambia? Mardi na vendredi ni soko, na njo siku munachomaka batoto! Nikifunga meza yangu, batatu ba kwangu batakula nini? Na ulishaniuliza hata mara moja, Sista? Kila siku ni kelele tu!" Na kweli, Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe, ndizo pia siku za chanjo.

Ednah anasimulia alivyorudi nyumbani. "Niliona aibu, halafu nikakasirika zaidi. Nilikasirikia mwalimu. Nilijikasirikia na mimi."

Jioni hiyo hiyo akaandika upya: "Kuonyesha kuwa siku ya soko inawazuia akina mama kuleta watoto." Safari hii hakungoja karatasi irudi. Alimpigia Mugenyi simu akamsomea, na hapo ndipo mwalimu naye alipopandwa na hasira, akaeleza kwa mara ya kwanza.

"Dada, unatoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi! Jana wakosaji walikuwa akina mama, leo ni soko. Kama unajua tayari, unatafiti nini? Niambie unataka kujua kitu gani, kutoka kwa nani, wapi, lini. Na usiniahidi kukomesha chochote. Una miezi mitatu tu."

"Sasa si ungesema hivyo tangu zamani, mwalimu?"

Alipoulizwa baadaye na mwandishi wa habari hii, Mugenyi hakukataa. "Wanafunzi ni wengi kuliko muda wangu. Lakini ni kweli, nilimwonea."

Lengo lililopita Alhamisi halina neno kubwa hata moja: "Kuchunguza sababu zinazofanya akina mama wanaouza katika soko la Mpondwe wasirudishe watoto wao kwa chanjo ya pili ya surua katika zahanati moja ya Bwera, mwaka huu." Anayelisoma anajua Ednah ataongea na nani, ataenda wapi, na anatafuta nini. Halimlaumu mtu. Kumbe ilikuwa kazi ya dakika chache kumwelekeza, na chuo kizima kilimwacha ahangaike!

Sasa anapanga kupita meza kwa meza sokoni, aulize na kunyamaza. Majibu yakielekea huko, ataiomba wilaya ihamishe siku ya chanjo. "Lakini si kabla ya kuwasikia," anasema. "Nimeshachapwa mara mbili kwa kujua mapema."

Ijumaa, chanjo inapomalizika, mwandishi anamuuliza: je, wakisema sababu ni yeye mwenyewe, kelele zake pale mezani?

Ednah anamkazia macho mwandishi, na kwa muda inaonekana kama atafoka tena. Anafunga kasha la chanjo, taratibu.

"Lengo linasema sababu," anajibu. "Halikusema sababu zote isipokuwa Ednah. Wakinitaja, nitaandika."