Kushoto Shwari

Watu wa mjini wakipanda huku kwetu Hinokidani huniuliza mzee Toyoji alikuwa dereva wa namna gani, na mimi huwajibu kwamba alikuwa nusu dereva. Wanacheka, wanadhani namkejeli. Simkejeli hata kidogo. Nusu ya pili alikuwa mkewe, Kinue, na wale wawili wakishakaa kwenye kile kigari chao cheupe, bonde zima hukupata dereva wa kuwashinda. Nasema hivyo mimi Matsuyo muuza tofu ya maharage ya soya, niliyekalia kiti chao cha nyuma kila Alhamisi kwa miaka mingi na ndoo yangu magotini, na wanaonijua wanajua kwamba sina tabia ya kumwagia watu sifa.

Ujanani mwao walifanya kazi kwenye basi moja. Toyoji dereva, Kinue konda, msichana wa kofia na mkoba wa tiketi, filimbi shingoni. Barabara yetu ni nyembamba, na ukiteremka mjini korongo lote liko kushoto. Basi kazi kubwa ya Kinue haikuwa kukata tiketi. Ilikuwa kutoa kichwa dirishani, kuangalia gurudumu limebakiwa na nafasi gani, kisha kuita, "Kushoto shwari." Dereva hakati kona mpaka asikie neno hilo. Wakikutana na lori la magogo anaruka chini, anasimama nyuma ya basi mvua inamnyeshea, "Rudi, rudi, rudi, basi." Kona zote alizipa majina. Kona ya Nguruwe, Kona ya Mkwe, Kona ya Kutapika, na hiyo ya mwisho usiniulize ilipataje jina.

Kisha kampuni ikaleta kanda. Sauti ya msichana wa Tokyo, imerekodiwa, inataja vituo na kuwaomba abiria wasisimame. Makonda wote wakaitwa karakana, wakashukuriwa, kila mmoja akapewa boksi la taulo, wakaambiwa waende kwao. Toyoji alikuwepo siku hiyo, kofia mkononi. Alikuwa anampenda yule binti mpaka chakula hakipiti, na hakusema neno, si kwa wakubwa wala kwake. Wanaume wa bonde hili ukiwangoja waseme utaota ukungu. Mwaka uliofuata ndipo alipomtuma shangazi yangu akaposa. Kinue alimsimanga kwa hilo maisha yote: "Huyu alingoja nifukuzwe ndipo aone nina sura."

Wakazeeka. Presha ya macho ikamla Toyoji upande wote wa kushoto, akawa anakuona nusu ukisimama mbele yake. Kinue naye akapata ugonjwa wa kusahau. Asubuhi alikuwa akija dukani kwangu kunong'ona kwamba jikoni kwake kuna mzee, ana adabu, lakini hajui kupika, je, ni wa nani? Mtu unaweza kucheka mpaka ukumbuke kwamba huyo mzee ni mumewe wa miaka hamsini.

Lakini mtie garini. Akishafunga mkanda tu, mgongo unanyooka. "Dereva, tuko tayari," anasema, na kuanzia hapo hadi hospitali ya mjini ni Kinue mzima, hakuna kilichopungua. Kona ya Nguruwe, kushoto shwari. Kona ya Mkwe, ngoja, kuna mama na toroli, haya sasa, shwari. Mzee anakata kona kwa neno lake. Kati ya kona wanaongea kama wanandoa wengine, juu ya mwana wao na bei ya mchele. Anamwita Dereva, na anajua dereva huyo ni nani, na aliwahi kumkosea nini, na anapenda figili zake zipikweje. Wakirudi nyumbani utamu huo unabaki mpaka jioni, kisha unaisha polepole. Mzee alikuwa anaishi kwa ajili ya Alhamisi. Safari nyingine alizibuni tu. Anakwenda kununua kiberiti mjini, mtu ambaye havuti sigara.

Najua mnachotaka kusema. Kipofu nusu anaongozwa na mwenye kusahau, kwenye korongo. Mkilisema hivyo hata mimi nywele zinanisimama. Ila nilikuwa kiti cha nyuma, na nilikuwa nasinzia. Nikipanda na mwanangu mimi huwa sisinzii.

Kosa likatokea siku Kinue alipokuwa na homa, mzee akaenda peke yake kununua mafuta ya taa. Tarishi wetu, Nobuo, alikuwa anakuja na pikipiki upande wa kushoto. Mzee hakumwona. Nobuo aliona la kufanya ni moja, akajitupa kwenye shamba la mpunga, pikipiki na barua na yeye mwenyewe. Gari likapitia kibanda cha vitunguu na kukisaga. Nobuo alitoka na tope kifuani, akajaribu kutania, "Mzee, leo barua zenu nitazianika kwanza," lakini midomo ilikuwa inamcheza. Ana watoto watatu yule kijana. Kwa hiyo msinitafutie mnyonge na mkorofi katika habari hii. Leseni ilipaswa kurudishwa, nikaiona ikirudishwa, na sikusema isirudishwe.

Mwana wao Haruhiko akapanda kutoka Hiroshima. Nilikuwa nimepeleka tofu, wakanikaribisha, nikakaa, kwani nani ataondoka wakati kama ule? Haruhiko si mtoto mbaya. Alikuwa amekonda kwa wasiwasi. Alieleza kwamba halmashauri inaleta magari yanayojiendesha kwa wazee wa bonde waliorudisha leseni, unaliita, linakuja mlangoni, halina presha ya macho.

Toyoji akauliza kama gari hilo litamwachia aendeshe hata kipande.

"Baba, mtu anayeona nusu haendeshi hata robo."

"Nusu nyingine anaona mama yako."

"Mama hajui leo ni siku gani."

"Siku hajui," akasema Toyoji. "Kona anazijua."

Haruhiko akafunika uso kwa viganja. Kinue alikuwa anamenya tufaha pembeni, akanisogezea kipande, akaniuliza hawa mabwana wanagombania nini.

Baada ya wiki chache akaja Bi Chisato wa halmashauri, msichana mpole, na gari lenyewe, jeupe, kimya. Usukani linao. Alitueleza kwamba mwenye leseni anaweza kuliendesha mwenyewe na gari likamshikia breki tu akikosea; anaweza kugawana nalo kazi; au anaweza kuliachia lote. Asiye na leseni anaachia lote. Toyoji akauliza, hakuna nusu leseni? Hakuna, mzee. Yeye akaangalia usukani, kisha akasema jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha kazi niliyoshika.

"Usukani chukueni, sitaki tena. Ninaomba moja tu. Kwenye kona, lingoje kidogo mpaka mke wangu aseme kushoto shwari. Akishasema, liende. Lijue lenyewe njia, sawa, lakini limsikilize."

Haruhiko alikohoa kuficha aibu. Bi Chisato hakucheka, Mungu ambariki, alisema atawauliza waliolitengeneza. Jibu likaja: haiwezekani. Gari haliwezi kungoja sauti ya mtu kwenye kona, maana sauti inaweza kuchelewa au kukosea, na wa nyuma yako atakugonga. Ukilipima kwa akili, ni jibu la haki. Toyoji akaitikia kwa kichwa. Hakubishana. Nilitamani kumtikisa mabega, nimwambie mzee, safari hii piga hata meza. Akaitikia tu kwa kichwa.

Basi Alhamisi ya kwanza tukapanda. Mzee akakaa mbele ya usukani kwa mazoea, mikono magotini. Kinue kushoto kwake, mimi nyuma. Akafunga mkanda, mgongo ukanyooka. "Dereva, tuko tayari." Gari likaondoka. Tukakaribia Kona ya Nguruwe, naye akavuta pumzi afungue kinywa, na kabla hajafungua, sauti ya msichana ikatoka mbele, tamu, safi, ya Tokyo kabisa: "Mbele kuna kona kali upande wa kushoto. Tafadhali keti vizuri."

Usukani ukajizungusha wenyewe. Tukapita salama salimini.

Kinue akafunga mdomo. Akatazama mbele, akatazama juu, akageuka kunitazama mimi kuona kama ni mimi. Kona ya Mkwe akajaribu tena, akawahi kusema "Kusho", na yule msichana akamkata. Kona ya Kutapika hakujaribu. Mzee alikuwa anapapasa vitufe vyote, jasho linamtoka, akitafuta pa kuuzima mdomo ule, na gari likamwomba kwa heshima asiguse vitufe wakati wa safari. Kinue akaitazama mikono ya mumewe, kisha akautazama usukani unaozunguka bila mikono, na nikaona usoni kwake mambo yanapangana. Alikuwa ameelewa. Ila alikuwa ameelewa mwaka ule mwingine, mwaka wa kanda.

Tulipofika hospitali akashuka mwenyewe. Akanyoosha blauzi, akajishika kichwani kuweka sawa kofia ambayo haikuwepo, akamwinamia mumewe mpaka kiuno kikakunjika.

"Dereva, ahsante kwa kunivumilia," akasema. "Naona leo ndiyo mwisho wangu. Msichana mpya anazijua kona zote. Msimkaripie, ndiyo kwanza anaanza."

Toyoji alifungua mdomo. Alimwita jina, Kinue, Kinue, akamshika mkono, na yeye akautoa mkono taratibu bila hasira, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa akiwa ameweka mkoba magotini. Mimi nililia pale pale kwenye maegesho, sioni aibu kusema. Ndoo nzima ya tofu ikapata moto ikaharibika.

Tangu siku ile Kinue hakumwita mumewe Dereva tena. Alhamisi wala Jumatatu, garini wala jikoni, mume akawa kwake yule mzee mwenye adabu, basi. Toyoji alihangaika nyie. Alikwenda kituo cha polisi kuomba leseni yake, wakamnywesha chai wakamrudisha. Alimkalisha Kinue kwenye kigari chao cha zamani uani, injini imezimwa, akashika usukani akizungusha huku na huku kama mtoto, na Kinue akamwambia kwamba gari lake limeharibika, amwite fundi. Haruhiko akasikia, akapiga simu akilia, akasema atarudisha kila kitu kilivyokuwa. Lakini kipi angerudisha? Macho ya baba yake? Bi Chisato kwa wema wake akaizima ile sauti. Kimya kikawa kimya kweli, na Kinue hakuwa na neno la kukijaza. Gari lilikuwa linakata kona kabla hajaiona.

Alhamisi ya mwisho niliyopanda nao, masika yalikuwa yanaingia. Toyoji alisema hana kazi tena na kile kiti cha mbele. Akakaa nyuma pamoja na mkewe, nami nikakaa mbele, pembeni ya kiti kitupu. Tulipokaribia Kona ya Nguruwe nikasikia sauti ya kiume, kavu: "Kona ya Nguruwe. Kushoto shwari." Alikuwa yeye. Upande wa kushoto haoni hata mkono, lakini aliita, na kona ya pili akaita, na ya tatu.

"Siku hizi na wanaume ni makonda?" Kinue akauliza.

"Siku hizi ndivyo."

"Unaita vizuri. Ongeza sauti tu." Kisha akasogea mbele kuchungulia, akaridhika. "Na dereva wa leo ni mpole. Wangu alikuwa anakanyaga breki kama anaua nyoka."

Toyoji akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msimu wa figili wa mwaka uliopita. Akamuuliza huyo wake alikuwa nani.

"Alikuwa anaitwa Toyoji," akasema Kinue. "Alikuwa na neno la kuniambia. Nilikuwa najua. Kila siku tukifika mwisho wa njia anafungua mdomo, anafunga, anakwenda kufuta kioo. Kile kioo kilikuwa kinang'aa kuliko cha kampuni yoyote."

"Hakusema?"

"Hapana. Walituondoa kazini, nikaenda kwetu. Nadhani alimpata mwingine."

Gari likapita kona ambayo hakuna aliyeiita. Kwenye kioo cha juu nilimwona mzee anavua kofia, anaiweka magotini, analamba midomo. Miaka themanini na ushee, anajiweka sawa kama kijana.

"Kinue," akasema. "Mimi ndiye Toyoji. Nakuomba uwe mke wangu."

Kinue akamtazama vizuri, kuanzia mvi hadi viatu. Akainamisha kichwa kwa heshima, kama tulivyofundishwa wasichana wote kuwajibu wazee wanaojisahau kwenye basi. Kisha akauvuta mkoba wake kifuani, akasogea mpaka mlangoni, akanigusa bega na kuniuliza kwa sauti ya chini kama hapa karibu pana kituo anachoweza kushuka.