Mashine Iliyoambiwa Ndiyo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukaa kando ya mashine yangu. Nilikaa kama mama wa bibi harusi, shati limepigwa pasi, mikono magotini, nikilinda asije mtu akamwaibisha binti yangu.

Nieleze mashine yenyewe, maana nikisema nasomea mawasiliano ya binadamu na mashine pamoja na sayansi ya utambuzi, watu wa Kisumu huniuliza kama naweza kutengeneza printa. Ilikuwa programu ya simu. Unapiga namba, unauliza kwa mdomo wako bei ya samaki mjini au hali ya ziwa, na sauti ya msichana inakujibu. Nilitaka kujua kama wachuuzi wa samaki wataielewa na kuiamini. Hiyo ndiyo ilikuwa tasnifu yangu ya uzamili.

Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya ualimu wa jiografia. Kuandika programu nilijifundisha mwenyewe, kwa video, katika saiba moja ya intaneti huko Kondele ambako stima ilipotea kila nilipokaribia kuelewa. Kwa hiyo darasani, chuoni Maseno, katikati ya watu waliosomea kompyuta kihalali, niliishi kwa hofu ya kugunduliwa. Bahati nzuri somo letu lina lugha nzuri ya kujifichia. Kwetu mtu hakasiriki, anazidiwa na mzigo wa akili. Akitukana na kukata simu, tunaandika kwamba mazungumzo yamevunjika. Lugha hiyo niliishika haraka kuliko wenzangu wote, kama mgeni kanisani anayeimba wimbo asioujua: unafungua mdomo tu, sauti za wengine zinakubeba.

Mashine niliing'arisha kwa miezi. Salamu yake niliirudia hadi mwanafunzi mwenzangu aliyenipa sauti akachoka. "Omera, ndugu yangu," aliniambia, "hata mama mkwe wangu hajawahi kunilazimisha kusalimu hivi."

Kisha nikaipeleka Port Victoria, ufuoni mwa ziwa. Huko mama yangu mdogo anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Alinipa chumba cha nyuma ya kanisa na watu wa kutosha. Walifungua kwa maombi. Mama mmoja alimwomba Mungu amwangazie mtoto wetu katika mtihani wake. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Badala yake nilisema amina kwa sauti kubwa.

Waliingia mmoja mmoja. Mama mdogo alibaki ndani akigawa soda, nami nikabaki kwa sababu nilihofia mashine itakwama. Kila mama aliuliza swali lake, akasikiliza jibu, kisha akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa kuafiki. Mashine ilipouliza kama ameelewa, akajibu, "Ndiyo, asante sana." Mmoja aliuliza bei ya omena akapewa ya mbuta, samaki mkubwa asiyehusiana na dagaa. Alinitazama, akamtazama mama mdogo, akasema, "Hata hiyo ni sawa." Wote walisema wataipigia kila siku. Nilirudi Maseno nimelewa soda na ushindi.

Msimamizi wangu, mhadhiri asiyecheka ovyo, alisikiliza rekodi ya majaribio hayo ofisini huku akitafuna njugu. Akaisimamisha.

"Huyu anayekohoa ni mashine?"

"Ni mimi, Daktari."

"Na huyu anayesema 'mmh, ndio hivyo mama'?"

"Ni mimi pia."

"Kuna mtu hata mmoja alikataa kitu?"

"Hakuna, Daktari. Matokeo ni mazuri sana."

"Mazuri kwa nani? Umepima tabia njema ya akina mama wa Port Victoria. Walikuwa nayo kabla hujazaliwa." Akasukuma simu upande wangu. "Siwezi kukupeleka mbele ya jopo la watahini na hii."

Jopo lilikuwa likae mwisho wa muhula, na muda wangu wa masomo ulikuwa unaisha hapo hapo. Nikilikosa, shahada imekwenda, narudi kuwafundisha watoto jinsi mto unavyozeeka. Na tayari mjomba wangu wa Milimani alikuwa amewatangazia majirani, kupitia juu ya ua, kwamba mpwa wake anafundisha kompyuta kuongea.

Nilimpigia mama mdogo.

"Mama, wale wenzako walielewa kweli?"

"Kuelewa nini?"

"Mashine."

"Nyathina, mwanangu, si tulikuwa tunakusaidia upite? Niliwaambia mapema: mtoto asiaibike hapa kwetu. Akiuliza kitu, semeni ndiyo."

"Na yule aliyepewa bei ya mbuta?"

"Huyo alitaka kuleta maneno. Nilimkanyaga mguu."

Nilimkasirikia siku nzima, kisha hasira ikanigeukia. Mimi, msomi wa akili za watu, nilikuwa nimekaa chumba kimoja na njama nzima, soda mkononi, na nilichoona ni ufanisi. Tena njama yenyewe niliisaidia. Mgeni ametoka mbali, amevaa vizuri, amekaa anakutazama. Nani atamwambia kitu chake ni kibovu? Kwetu hata chai ya moshi husifiwa mpishi akiwa karibu.

Nikapiga tena. Nikamweleza kwamba mtihani si wangu, ni wa mashine.

"Lakini si ni wewe umeitengeneza?"

"Ni mimi. Lakini ukisemwa ukweli wake, hata matusi, hapo ndipo mimi napita."

"Hiyo masomo yenu," alisema, na nikamsikia akiwacheka wote waliowahi kunifundisha. "Sawa. Matusi tuko nayo."

Mara ya pili niliweka simu mezani, nikawasha kinasa sauti, nikatoka. Mama mdogo alitoka pia. Sijui niliwezaje. Nilitembea hadi ufuoni, nikakanyaga omena za watu zilizoanikwa, nikafukuzwa, nikakanyaga nyingine.

Rekodi nilizisikiliza nikiwa nimejifunika uso. Hawakuingia hata mmoja mmoja. Walijaa wote.

"Muulize omena Kisumu ni ngapi."

"Samahani," ilisema mashine, "sijaelewa. Tafadhali rudia."

"O-me-na."

"Bei ya mbuta leo ni..."

"Nani ameuliza mbuta? Huyu msichana anaongea kama karani wa chifu."

"Mwambie arudi shule."

"Ametoka huko. Hao ndio wako hivyo."

"Je, umeelewa?" mashine iliuliza.

"Wewe ndio uelewe kwanza, mama. Salamu refu, jibu hakuna."

Kicheko kikafunika kila kitu, kisha mlio wa simu kukatwa. Waliipigia tena na tena, kila mmoja kwa hasira yake, na mle ndani ya fujo mlikuwa na kila nilichohitaji: mahali walipopotea, neno lililowaudhi, salamu iliyowachosha, dakika walipoacha kuiamini. Mlikuwa pia na mama mmoja aliyesema mtoto wa dadake mwenyekiti anaonekana ana njaa. Hilo sikuliandika.

Msimamizi alisikiliza rekodi zote bila kugusa njugu. Akatia sahihi.

Mbele ya jopo, mzee mmoja mwenye tai alifunua kurasa za mwisho akauliza kama ilikuwa lazima matusi yachapishwe katika kazi ya kisomi. Nilijibu kwamba hayo ndiyo matokeo. Sikuongeza neno la kulipamba jibu hilo. Mjadala ukahamia kwenye nambari za kurasa, ugonjwa wa wasomi wote, na nikapitishwa, na masahihisho mengi.

Sasa nafanya kazi hiyo hiyo mjini Kisumu. Watu wakijaribu nilichotengeneza, natoka chumbani, na ripoti ikija bila lalamiko hata moja, naagiza jaribio lirudiwe.