Minyaa ya Babu

Juzi, nikipita Sapiwi, niliona minyaa, ile miti ya uzio, imejipanga mstari katikati ya mashamba ya pamba, pasipo nyumba wala zizi. Nikasikia tena harufu ya michembe ya Bibi, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka, mchana ule baba mdogo, mwinjilisti, alipotutembelea kwenye kijiji cha ujamaa.

"Mama, wafu wote watafufuka," alisema. "Lakini baba alikufa bila kubatizwa. Uzima wa milele hataupata."

"Kwani alimnyima nani chakula?"

"Matendo mema peke yake hayaokoi, Mama."

Bibi aligeuza michembe. "Atafufukia kulekule mahameni tulikohamishwa. Nani atamwonyesha huku?"

"Atakwenda hukumuni moja kwa moja."

"Aje kwanza nyumbani ale."

Sikuelewa ni nani kati yao aliyemjua Mungu. Nilichoelewa ni kwamba Babu angeamka na njaa. Jioni ile mimi na Bibi tulitembea kutoka kaburini kwa Babu hadi kijijini, tukichomeka vijiti vya minyaa kando ya njia, utomvu ukitunata vidoleni.

Siku hizi mimi ndiye ninayehubiri hukumu. Juzi, kabla sijaondoka, nilichomeka vijiti pale mstari ulipokatika.