Namna Nyingi za Kubeba

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja mjini Tabora, na huwa sina subira na mtu anayeniambia kwamba Kiingereza ni kigumu. Kigumu nini? Shida yake ni uvivu. Neno moja linatumwa shughuli chungu nzima, na watu wazima wanaona sawa.

Desemba ile nilikuwa likizo kijijini kwetu, upande wa Sikonge, tukingoja harusi ya mdogo wangu wa kike. Jioni moja nilikaa barazani nikiandaa somo la neno "carry" kwa ajili ya kidato cha pili. Kamusi ilikuwa imelijazia karibu ukurasa mzima. Mama mwenye mtoto mgongoni, mbu mwenye malaria, duka lenye sabuni, sauti inayovuka bonde, mwanafunzi anayejumlisha na kuweka moja kichwani: kwa Waingereza wote hao wanafanya tendo lilelile. Nilimsomea baba kwa sauti ili asichoke kukaa. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto tangu mwaka uliotangulia, lakini mdomo kilimwachia mzima, tena mzima kupita kiasi.

"Neno moja kwa kazi zote hizo?" aliuliza.

"Moja tu, baba."

"Basi hao hawajawahi kubeba kitu. Walibebewa."

Kisha akaanza kunihesabia ya kwetu, na nikaacha kamusi nikaandika ya kwake. Ndoo kichwani, unajitwika. Mtoto mgongoni, unamweleka. Akiwa mapajani, unampakata. Matofali safari kwa safari, unasomba. Mzigo unaoning'inia kwenye mti, watu wawili wameuweka mabegani, huo ni mzegazega. Na mzigo wa begani wa safari ya miezi, huo ulikuwa wa wapagazi, na hapo sauti ya baba ilibadilika kwa sababu babu yake alikuwa mmoja wao. Alikwenda pwani na pembe za watu wengine, akarudi na bega lenye sugu ambayo wajukuu walikuwa wanaishika kwa zamu. Baba aliongeza na maneno ya Kinyamwezi ambayo sithubutu kuyaandika, maana angeyakuta yamekosewa ningekoma.

Nikaona ameshakunjua moyo, nikapenyeza langu. Kati ya nyumba yetu na kanisa kuna mbuga, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeigeuza bwawa. Gari lililotoka Tabora na mapambo lilikuwa limezama matairi upande wa pili na halisogei. Watu walikuwa wanavuka kwa miguu, au wakisukuma baiskeli, na baba hakuweza lolote kati ya hayo.

"Sasa baba," nikasema, "katika namna zote hizo tuchague moja, Jumamosi tukubebe."

Akakunja uso. "Nilibebwa nikiwa mchanga, na mtanibeba nikishakufa. Hapo katikati niacheni. Na mtoto wangu hanibebi nikiwa ninaona."

Nilikasirika, nasema kweli. Kaka zangu walimbembeleza, wakaambulia matusi. Mdogo wangu naye alikuwa ametangaza kwamba haingii kanisani kabla baba hajamwekea mkono kichwani, kule kule, mbele ya watu, kama alivyotuwekea sisi wakubwa. Nyumba nzima ikawa na wakaidi wawili, mmoja chumbani anakataa kutoka na mwingine chumba cha pili analia. Mimi katikati nachambua mchele kwa hasira, nawaza harusi ikivunjika tutaanzia wapi kuwaeleza wakwe.

Tulikuwa tumemsahau mtani. Pale kijijini kuna fundi baiskeli, Mzaramo wa pwani, aliyekuja kuoa kwetu akabaki. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kwetu mtu hamkasirikii mtani wake. Akikasirika, aibu inamrudia mwenyewe. Asubuhi ya Jumamosi fundi aliingia uani bila hodi, kajifunga khanga ya mkewe kiunoni, mikono kichwani, anapiga yowe la msiba.

"Jamani Mnyamwezi wangu kafa! Leteni majembe! Kafa na mahari hajaila!"

Majirani wakatoka mbio. Wengine walianza kulia kweli kabla hawajajua ni mchezo.

Baba akanguruma kutoka chumbani, "Sijafa, mpumbavu wewe!"

"Hujafa? Binti yako anaolewa, nawe umejifungia ndani. Maiti ndiyo hukaa ndani watu wakienda harusini. Tulia hivyo hivyo, tuje tukuoshe."

Akaingia na ndoo ya maji. Naapa, alikuwa na ndoo ya maji! Tukasikia vurugu, tukasikia baba akimtukana ukoo mzima mpaka pwani, halafu kicheko cha baba. Hatukuwa tumekisikia tangu augue. Nilikaa chini pale pale penye ungo wa mchele, nikalia.

"Wazee wenu walituletea mizigo mpaka mlangoni," fundi alimwambia alipomtoa hadi barazani. "Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumbeba Mnyamwezi hata hatua moja. Leo nataka nijue kama mna uzito wowote."

"Mzaramo hajui kubeba. Utanimwaga," baba akajibu, lakini alikuwa tayari ananyoosha mkono mzima atafute koti.

Fundi alikuwa amekwisha kukifunga kiti chenye mikono kwenye miti miwili mirefu, kwa mipira ya baiskeli. Wakaingia chini ya miti watu wanne, yeye mbele na vijana watatu wa kwaya. Kaka zangu walitembea pembeni na mwavuli, hawakuruhusiwa kugusa. Kabla hawajafika kwenye maji, baba alikuwa anatoa amri kutoka juu: msikanyage kwa pamoja kama askari, kiti kitayumba, badilisheni bega mkiwa mnatembea, msisimame, wa mbele aseme anachokiona chini. Yote aliyapata kwa babu yake. Fundi aliitikia kila amri kwa tusi, na baba alirudisha tusi kubwa zaidi, na hivyo ndivyo tulivyovuka mbuga, maji magotini, akina mama wakipiga vigelegele nyuma.

Mdogo wangu aliwekewa mkono mbele ya mlango wa kanisa. Ulikuwa mkono wa kulia, na ulikaa kichwani pake muda mrefu mpaka mchungaji akakohoa.

Hata leo nikimwona yule fundi huwa sijui nimshukuru vipi. Nikijaribu, ananijibu kwamba Wanyamwezi tuna shukrani kwa kuwa hatuna akili. Mtu aliona baba yangu anajizika mwenyewe akiwa hai, akaenda kumtoa kwa njia pekee ambayo baba asingeweza kuikataa. Sisi watoto tulikuwa na mapenzi tele, na mapenzi yetu hayakufua dafu.

Jioni wakati wa kurudi, kijana mmoja wa kwaya hakuonekana, nadhani alinogewa na pilau. Ncha ya mti ya nyuma kushoto ikabaki bila mtu. Fundi akanitazama. Nikavua viatu, nikakunja khanga begani, nikaingia chini ya mti. Baba alikuwa ameelekea mbele, hakuniona. Nilitegemea uzito, maana huyu mtu alikuwa mkubwa maishani mwangu mwote, lakini kilichonishtua ni jinsi alivyokuwa mwepesi. Nilifuata amri zake zote. Hatua yangu sikuilinganisha na ya mwenzangu, na kwenye maji nilibadilisha bega nikitembea.

Katikati ya mbuga baba akasema, "Huyo wa nyuma kushoto anajua kazi. Ni nani?"

Nikasikia maji tu yakigonga miguu yetu.

"Ni mwanao," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Nikangoja aseme ateremshwe, hata pale majini.

"Basi msimbadilishe," akasema.

Nikambeba mpaka nyumbani.