Saa Ishirini na Sita kutoka Toronto

Darasa la saba sikulimaliza, lakini hapa Makambako hakuna anayenishinda kwa hesabu ya safari. Nilianza utingo, nikawa dereva, leo nina fuso tatu za kubeba mbao. Niulize Tunduma na mzigo ni saa ngapi. Nikikutajia, utafika saa hiyo.

Ndiyo maana mama alipozidiwa, nyumbani kwake mtaa wa Ramadhani, pale Njombe mjini, sikuuliza mtu. Ombi lake lilikuwa moja: amwone mjukuu aliyemlea, mwanangu, anayefanya kazi Toronto. Kijana akanipigia: "Baba, tiketi nimepata. Ila ni siku mbili na kitu, nabadilisha ndege mara mbili."

"Usinifundishe safari," nikamwambia. "Nimeshika usukani wewe hujazaliwa."

Nikatazama umbali kwenye simu: kilomita elfu kumi na mbili na ushee hadi Dar. Nikagawa kwa mwendo wa ndege, kama ninavyogawa kwa mwendo wa fuso. Saa kumi na nne. Moja ya mabegi, kumi na moja za gari langu kumleta. Ishirini na sita, basi.

Dada yangu, aliyekuwa akimuuguza mama, akacheka. "Kaka, ndege siyo fuso."

"Fuso ndiyo ina mizani, matuta na trafiki. Ndege inasimamishwa na nani huko juu?"

Nikainama sikioni kwa mama. "Anapanda kesho, Jumanne, saa nane mchana za huku kwetu. Jumatano saa kumi jioni umemshika mkono."

Akaniamini. Jumatano asubuhi na mapema akaomba aogeshwe. Akafungwa kitambaa chake cha kanisani, akaegemezwa kwenye mito, yeye ambaye wiki nzima hakuinua kichwa. Uji akaukataa. "Nitakunywa naye."

Saa tatu dereva wangu akapiga simu kutoka uwanja wa ndege Dar: "Bosi, abiria wa ndege zote za asubuhi wametoka, kijana hayumo." Nikampigia mwanangu, hapatikani. Ndipo nikazikumbuka zile siku mbili na kitu zake. Kumbe yuko uwanja wa nchi nyingine, amekaa kwenye kiti, anasubiri ndege ya usiku.

Ningemwambia mama: nimekosea, ni kesho, lala upumzike. Maneno machache tu. Lakini mimi kukosea safari, tena mbele ya dada yangu? Nikatia simu mfukoni.

Saa kumi ikafika. Kila gari lililopita nje, mama aligeuza macho mlangoni. Saa kumi na mbili akauliza, "Si ulisema saa kumi?"

"Amechelewa kidogo, mama."

"Hapana. Hakutaka kuja."

Akaomba ateremshwe kwenye mito, akageukia ukutani. Alfajiri ya Alhamisi akatutoka.

Mwanangu alifika siku hiyo hiyo jioni, siku mbili na kitu, kama alivyosema. Alisimama katikati ya waombolezaji na koti lake zito, begi bado begani.

"Baba, bibi alijua niko njiani?"

"Alijua," nikasema.

Dada aliinua macho, akanitazama, kisha akaendelea kukunja kile kitambaa.